Maswali ya Waandishi: Msimu, Mji Mdogo na Hadithi

Barua nyingi za toleo hili zimeangukia mahali pamoja: msimu unaingiaje kwenye hadithi, na mji mdogo unaandikwaje bila kuwachosha wasomaji au kuwaudhi majirani. Maswali tumeyafupisha. Majibu mengine ni marefu, mengine mafupi, kwa kadiri jambo lenyewe lilivyo.

Ndugu wahariri, shikamooni. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Kila sura naianza na hali ya hewa: mawingu, jua, upepo. Mwalimu wangu ameisoma akasema mandhari "yamebandikwa". Nifanyeje?

Marahaba. Mwalimu wako kaona sawasawa, na dawa si kuongeza maelezo. Chukua sura moja inayotokea wakati wa masika, uihamishie kiangazi. Mawingu yawe jua, matope yawe vumbi. Kama hakuna tendo hata moja la mhusika lililolazimika kubadilika, basi msimu wako ni pazia tu, na pazia lolote lingefaa.

Msimu humgusa mtu kwanza mfukoni, kisha njiani, kisha mwilini. Anzia mfukoni, kwa sababu hapo ndipo waandishi wengi huteleza. Katika mji unaotegemea kilimo, miezi migumu huwa ile ya kabla ya mavuno: mimea imestawi, kila mahali kijani, lakini ghala limekwisha, bei ya nafaka imepanda, na kazi ya palizi ndiyo imepamba moto. Asiyejua hili huiweka njaa kiangazi na shibe wakati wa mvua, eti kwa kuwa mvua ni neema. Ukilijua, unapata kitu kikali: mandhari inapendeza kuliko wakati wowote, na ndani ya nyumba watu wanakopa. Madeni hulipwa mazao yakiuzwa. Kwa hiyo mkopeshaji wako asigonge mlango mwezi wowote unaoutaka wewe. Ana msimu wake.

Njiani, mvua hukata barabara. Mgeni aliyekuja kwa siku moja anakaa wiki. Mgonjwa hafiki hospitali. Hapa kuna kanuni tunayoishikilia: hali ya hewa iruhusiwe kumtia mhusika taabuni, isiruhusiwe kumtoa. Daraja likisombwa ili wapenzi wasionane, msomaji atakubali. Likisombwa ili adui asifike, atauona mkono wako. Na likisombwa mara mbili katika riwaya moja, hata lile la kwanza halitaaminika tena.

Mwilini, angalia muda. Mbu hawazaliwi siku mvua inaponyesha. Kutoka yai hadi mbu mkubwa huchukua kama siku 7 hadi 14 kwenye joto. Mtu akishaumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria, homa huchukua angalau wiki nyingine hivi kabla ya kujitokeza. Ukimlaza mhusika kitandani siku ya tatu ya masika na kuilaumu mvua hiyohiyo, muuguzi yeyote atakayekisoma kitabu chako atakifunga.

Sasa tazama tofauti kwenye karatasi. Aya ya kawaida huwa hivi:

"Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu. Anga lilitanda huzuni. Fundi cherehani alikuwa na mawazo mengi."

Hakuna kilichotokea. Jaribu hivi:

"Tangu asubuhi fundi hakuwa amepata mteja. Matone yalipoanza kurukia kitambaa, alisogeza cherehani ndani hatua mbili. Yakamfuata, akasogeza tena. Kufikia adhuhuri mgongo wake ulikuwa unagusa ukuta, na mwenye nyumba, aliyeingia kujikinga, hakuwa na pa kusimama ila mbele yake."

Kodi haijatajwa, lakini ipo. Mvua imewakutanisha watu wawili ambao mmoja wao alikuwa akimkwepa mwenzake. Neno "huzuni" halikuhitajika.

Nimeshauriwa niwe na daftari la msimu. Nimeandika mwezi mzima: "leo jua kali", "leo mvua", "leo manyunyu". Nikirudi kusoma sipati cha kutumia.

Kwa sababu umeandika kile ambacho mtabiri wa hali ya hewa angekuandikia. Daftari la mwandishi hurekodi mabadiliko, na mabadiliko ni madogo. Kalenda ya zamani ya Wajapani iliugawa mwaka katika vipindi 72, kila kimoja cha kama siku 5, na kila kipindi kikaitwa kwa tukio moja linaloonekana: ndege fulani kurejea, ua fulani kufunguka, barafu kuanza kuyeyuka. Mgawanyo huo ulitoka China, na mwaka 1685 mnajimu Shibukawa Shunkai akaurekebisha ufuate mazingira ya Japani. Si lazima ufuate kalenda yao, ila kipimo chao cha siku 5 kinafaa sana: kinatosha kitu kubadilika, lakini hakitoshi wewe kusahau kilivyokuwa.

Chagua mahali pamoja unapoweza kufika bila safari, iwe kibaraza, dirisha au kituo cha basi. Nenda kila baada ya siku 5, saa ileile, ukae dakika 10. Andika sentensi tatu tu. Ya kwanza: kitu gani kipo leo ambacho hakikuwapo mara iliyopita, au kimeondoka. Ya pili: mtu gani anafanya jambo gani kwa sababu ya kitu hicho. Ya tatu: sauti au harufu moja. Usiandike hisia zako. Weka tarehe pamoja na mwaka, maana baada ya miaka miwili kumbukumbu huzichanganya masika zote zikawa moja.

Ile sentensi ya pili ndiyo dhahabu. "Madimbwi yamekauka" ni taarifa tu. "Mwenye duka ameyaondoa matofali aliyokuwa amepanga ya kukanyagia" ni mwanzo wa onyesho.

Jitahidi pia kujua sababu, japo hutaiandika. Harufu ya mvua ya kwanza, kwa mfano, kwa sehemu kubwa hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Matone yakipiga ardhi kavu huirusha hewani. Ndiyo maana harufu hiyo huwa kali baada ya ukame mrefu, na mvua ya wiki ya tatu hainukii hivyo. Ukijua hilo hutaiweka harufu ya udongo katikati ya masika. Kumbikumbi nao: hutoka baada ya mvua, huzifuata taa, na hupukutisha mbawa zao upesi. Mhusika anayefagia asubuhi atakuta mbawa nyingi chini ya taa kuliko wadudu wenyewe.

Kosa la kawaida ni kurekodi vilele peke yake, yaani dhoruba na joto la kupasua kichwa. Hadithi hunenepa katika siku za mpito: wiki ambayo mvua inatazamiwa na haiji, watu wanatazama juu kabla ya kujibu salamu. Halafu ukija kuandika, usimwage daftari zima. Vitu viwili au vitatu kwa onyesho vinatosha.

Mhariri alinirudishia mswada akaandika pembeni: "Mwezi huu umetoka wapi?" Sikuelewa.

Bila shaka umeuanika mwezi saa isiyo yake. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, au karibu na hapo, na hutua kunapokucha. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi mwandamo huonekana magharibi baada ya jua kuzama, nao hutua mapema; hilali changa juu ya paa saa 6 usiku haipo. Kwa hiyo ukitaka mwizi awe gizani saa 2 usiku na aonekane saa 7 usiku, weka tukio siku 5 hadi 7 baada ya mwezi mpevu. Mwezi wenyewe utakupa taharuki.

Radi nayo: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, utapata umbali kwa kilomita. Mwanga na ngurumo vikija pamoja, radi imepiga hapohapo na mhusika hana muda wa kutafakari.

Na kama hadithi ni ya miaka iliyopita, hakiki kalenda. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa kama siku 11 kuliko wa jua, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika miaka 33 hivi. Pasaka ya makanisa ya magharibi huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Usiseme "Ramadhani ya mvua" mpaka umeutazama mwaka.

Mhusika wangu anakwenda London mwezi Desemba. Sijawahi kuishi kwenye baridi ya namna hiyo. Niache?

Usiache, ila anza na nuru kabla ya theluji. Karibu na mstari wa ikweta mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mtu aliyekulia huko husoma saa kwa kutazama jua bila kufikiri. London, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Mwishoni mwa Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku. Hapo ndipo mgeni anapochanganyikiwa: anaamka gizani, anatoka kazini gizani, na mchana jua liko chini kiasi kwamba linamchoma machoni bila kumpasha moto. Theluji haina hakika London. Ukiimwaga kila siku utaonekana unaandika kadi ya Krismasi. Kumbuka pia kwamba Desemba hiyohiyo, Australia ni kiangazi.

Hadithi yangu iko katika mji mdogo. Nina wahusika karibu 40, wasomaji wangu wa kwanza wanachanganyikiwa. Isitoshe, nashindwa kuficha siri yoyote, maana kwenye mji mdogo kila mtu anajua kila kitu.

Hayo ni maradhi mawili, tutibu moja moja.

Idadi kwanza. Mji unaweza kuwa na watu 40 kwenye hadithi, lakini majina kamili wape 6 hadi 8. Waliobaki waitwe kwa kazi au mahali: mshona viatu, mwenye mashine ya kusaga, mama wa kona. Mtu wa aina hiyo akianza kutenda mambo makubwa, mpe jina wakati huo, na msomaji atalishika kwa sababu tayari anamjua. Majina yaanze kwa herufi tofauti. Ukiwa na Asha, Amina na Aziza katika sura moja, umejitafutia mwenyewe.

Kisha chora ramani, hata ya mkono. Weka sehemu 5 ambapo watu hukutana wapende wasipende: kisima au bomba, soko, zahanati, stendi, nyumba ya ibada. Mtu mzima hutembea kilomita 1 kwa dakika 12 hadi 15. Andika dakika juu ya kila njia. Bila ramani hiyo, mhusika wako atafika sokoni kwa dakika 5 katika sura ya pili na kwa nusu saa katika sura ya tisa, na watu wa miji midogo ndio wa kwanza kuliona hilo.

Sasa siri. Si kweli kwamba kila mtu anajua kila kitu. Kilicho kweli ni kwamba wengi wanajua na wanajifanya hawajui, kwa sababu kesho watakutana tena. Mwalimu wa mtoto wako ni shemeji wa mdai wako, na mdai wako ndiye aliyekuazima baiskeli. Ukisema unachokijua, unakata nyuzi tatu kwa mpigo. Kwa hiyo taharuki ya mji mdogo haikai kwenye swali "nani kafanya?" Inakaa kwenye "nani atathubutu kusema, na mbele ya nani?"

Tengeneza jedwali la safu nne kwa kila siri: nani anajua kweli, nani anashuku, nani anajua kwamba mwenzake anajua, nani anafaidika siri ikibaki. Lisahihishe kila mwisho wa sura. Ni kazi ya kuchosha, tunakiri, lakini bila hilo ifikapo sura ya kumi utamkuta mtu anashangazwa na habari aliyoisikia sura ya nne.

Uvumi nao uandikwe kwa kanuni. Kila mdomo hubadilisha kitu kimoja, na hukibadilisha kwa faida ya mwenye mdomo. Muuza duka husema kijana alikuwa na pesa nyingi, kwa sababu anataka ionekane alizitumia dukani kwake. Jirani mwenye binti husema alikuwa peke yake. Onyesha midomo mitatu, usizidishe. Ya nne haina jipya. Na yule anayesemwa asisikie moja kwa moja. Ajue kwa namna watu wanavyonyamaza anapoingia, au kwa bei ambayo ghafla haipunguzwi.

Hapa ndipo msimu na mji vinapokutana, na ni ajabu jinsi waandishi wachache wanavyolitumia hili. Kasi ya habari hubadilika na majira. Mvua ikinyesha alasiri, watu 10 wasiopatana wanabanana chini ya paa moja kwa saa nzima, na habari inatoka hapo imekwisha kupikwa. Wakati wa mavuno watu wametawanyika mashambani. Jambo linaweza kukaa siku 4 bila kufika upande wa pili. Usiku mtulivu usio na mawingu baada ya siku ya joto, hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake, na sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotea angani, kwa hiyo maneno husafiri mbali kuliko mchana. Ugomvi wa mume na mke saa 4 usiku wa kiangazi una wasikilizaji ambao wenyewe hawakuwahesabu. Chagua tarehe ya siri yako ukiwa na hili kichwani.

Wengi huvutiwa kusimulia kwa "sisi", mji wote ukisema kwa sauti moja. Ni mbinu tamu kwenye hadithi fupi. Kwenye riwaya hugoma pale inapobidi kuingia chumbani, kwa sababu "sisi" hatukuwapo. Ukiitumia, amua mapema "sisi" ni akina nani hasa, labda wanawake wa bombani au vijana wa stendi, na usiivushe mipaka yao.

Watu wa mji wangu wananiuliza, "Umeniandika?" Nikibadilisha majina, nimesalimika?

Hapana. Jina ndilo jambo dogo kuliko yote. Kama mji una daktari mmoja, kuandika "daktari" kunatosha kumtaja. Na jina la kubuni linaweza kukuponza vilevile: Uingereza, gazeti moja lilichapisha kichekesho kuhusu mtu wa kubuni aliyeitwa Artemus Jones. Akajitokeza wakili mwenye jina hilo, akashtaki, akashinda, na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, likakubaliana na hukumu ya fidia ya pauni 1,750. Kutokukusudia hakukuwaokoa. Sheria zimebadilika na kila nchi ina yake, ila funzo linabaki kwamba swali la kwanza la mahakama huwa ni iwapo watu wanamtambua, wala si nia yako.

Fanya hivi. Chukua tabia unayoitaka, uikate kutoka kwa mwenye nayo, uipachike kwa mtu mwenye kazi, umri na familia tofauti. Mambo hayo yote matatu, sio moja. Changanya watu wawili au watatu katika mhusika mmoja. Tukio lililojulikana mji mzima libadilishe muundo wake. Kulihamishia mwaka mwingine tu hakufichi kitu. Magonjwa, uhalifu na mambo ya ndoa ya mtu halisi usiyaguse kabisa. Majina utakayobuni yahakiki kwa kuuliza kama kuna mwenye jina hilo katika kazi hiyo. Ile sentensi ya mwanzoni mwa vitabu, kwamba ufanano wowote ni wa bahati tu, iweke, lakini usiilalie. Peke yake haimzuii mtu kushtaki. Ukiwa na wasiwasi na sura fulani, mwonyeshe mwanasheria kabla haijaenda kwa mchapishaji.

Mvua zikianza naandika sana, kiangazi nakauka kabisa. Ni uvivu?

Huenda unafanya kazi isiyofaa kwa msimu huo. Kufungiwa ndani husaidia rasimu. Mwaka 1816, baada ya volkano ya Tambora, huko Indonesia, iliyolipuka Aprili 1815 kuvuruga hali ya hewa, mvua ziliwafungia ndani kundi la marafiki kando ya Ziwa Geneva, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Mary Shelley, mwenye umri wa miaka 18, akaanza pale Frankenstein, kitabu alichokichapisha mwaka 1818. Lakini hakuandika chote ndani ya mvua.

Gawa kazi. Msimu wa kufungiwa uwe wa rasimu mpya. Kiangazi kiwe cha miguu: kupima njia za ramani yako, kusikiliza mazungumzo ya stendi, kuhakiki miezi na tarehe, kusahihisha alfajiri kabla ya joto. Maonyesho ya mvua yaandike mvua ikinyesha, kisha yasahihishe kiangazi. Ukiwa mkavu utayaona maneno yaliyozidi.

Na kwa kuwa rasimu zako nyingi ni za masika: usiweke karatasi sakafuni wala zikigusa ukuta wa nje, huko ndiko unyevu unakopitia. Ziinue juu, acha hewa ipite, na kila mwisho wa wiki zipige picha kurasa mpya uzihifadhi mahali pengine.